Anti, riwaya ya mizimu imenivurugia kikundi, nifanyeje?

Anti shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Dodoma maeneo ya Ilazo, tulikuja na mume wangu kikazi serikali ilivyohamia huku ila kwetu hasa ni Kilimanjaro. Naomba usitoe jina langu, na la kitabu pia nalificha maana wenzangu wanakusoma sana watajua tu ni mimi.

Iko hivi anti. Tuna kikoba chetu cha akina mama, wengine wageni kama mimi tuliokuja na ofisi na wengine wenyeji wa hapa hapa, sasa mmoja akasema jamani sisi kila tukikutana ni hela na umbea tu, tusome hata kitabu basi. Tukaanza. Tukasoma vya malezi, vya ndoa, vya kutunza hela, kila mtu anakubali kila kitu, tunakula ubuyu wetu na zabibu tunaagana salama. Zamu yangu ya kuchagua ikafika mi nikaona tubadilishe, nikachagua riwaya.

Anti hicho kitabu nilikipenda mpaka nikawa naunguza wali. Ni stori ya zamani, enzi zile za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji inapita hapa Ugogo, kuna binti wa mzee wa mvua, mawe ya mvua yanaibiwa, mvua inagoma, huku nje kuna msafara umepiga kambi hauna maji na mtemi anasema hongo kwanza (ule ushuru wa njia wa enzi hizo). Halafu kuna fisi wanaopandwa na watu usiku, kuna mbuyu una sauti ndani, na mpaka kitabu kinaisha wakati Wajerumani wanajenga boma Mpwapwa wewe bado hujui kama yule binti ni mtu au ni mzimu. Mwandishi anakuelezea upepo wa huku mpaka unahisi vumbi kwenye meno.

Siku ya kukijadili sasa. Mmoja akaanza kwa kusema kinaboa, eti mpaka ukurasa wa themanini watu bado wanasubiri mvua tu hakuna kilichotokea, akasema ingekuwa bongo muvi watu wangezima. Mwingine akasema yeye amelia kabisa, hajawahi kusoma kitu kikamrudisha kwa bibi yake kijijini namna ile, basi hao wawili wakaanza kurushiana maneno. Kuna mwenzetu ni mwalimu wa sekondari, yeye akasema kitabu kinapotosha historia, haiwezekani Wagogo wakawatoza ushuru Waarabu na wazungu wenye bunduki na wakalipa kweli, na kwamba historia haichanganywi na mambo ya fisi. Halafu mke wa mzee wetu mmoja wa kanisa yeye hakumaliza, alipofika kwenye fisi akafunga, akasema kitabu cha kichawi hakiwezi kulala ndani kwake, alikiweka stoo ya nje na ndoo za rangi, akaongeza kwamba sheria ya uchawi ipo na tunaweza kukamatwa wote tulioshika hizo kopi (tulitoa kopi steshenari anti, maana kitabu kilikuwa kimoja).

Nikaona hali inakuwa mbaya, nikamwomba mwenzetu mmoja mchekeshaji atusomee kile kipande mzee wa mvua anapaka mawe mafuta anaongea nayo. Akakisoma kwa sauti ya kizee na lafudhi ya Kigogo, yaani tulicheka mpaka mbavu zinauma, mpaka yule wa kanisa alicheka, ikapoa kidogo. Kuna mama mmoja mtu mzima, mstaafu, mwenyeji wa upande wa Mvumi, yeye hakuchangia chochote siku hiyo. Macho yake hayasomi kopi zilizofifia kwa hiyo nilimwazima kitabu chenyewe, alikuwa amekifunika kwa karatasi la kalenda kama tulivyokuwa tunafunika madaftari shuleni, na humo ndani kaweka vipande vya uzi kwenye kurasa kibao. Mwishoni akalitoa lile karatasi, akalikunja akaweka kwenye pochi, akanirudishia kitabu, akasema asante mwanangu, akaondoka. Usiku akalefti grupu, ila yeye labda ni mambo ya simu tu watu wazima.

Huko kwenye grupu la WhatsApp ndo kuliwaka moto. Yule wa kanisa akaandika anayewaletea wenzake vitabu vya kichawi na yeye ajichunguze, mwingine akaniita mchawi wa Kichaga halafu akasema ni utani, mwalimu akatuma voisi ndeeefu ya historia hakuna aliyeisikiliza, wanaodai kinaboa wanataka warudishiwe hela ya kopi. Mume wangu ananiambia funga hicho kikundi utafute amani. Anti, nifunge? Au niombe radhi, na nimwombe nani? Na mara nyingine nichague kitabu gani ambacho hakitamuudhi mtu?

Mama Ilazo.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, poleni na vumbi.

Kufunga hapana. Kikundi kinachosoma kitabu na wote mkakubaliana kila kitu, hapo mlikuwa mnakula ubuyu tu (na ubuyu sina ugomvi nao). Safari hii mtu amelia, mwingine kakasirika, mwingine kaenda kutafuta historia, ndo kwanza mmeanza kusoma halafu mume anakwambia funga.

Ninavyoona mimi shida yako ni kwamba umewaweka wote kwenye kapu moja, kwamba wamekasirikia kitabu, na wewe unakitetea utadhani umekiandika wewe. Kila mmoja hapo ana lake na mengi hayakuhusu. Lipo moja tu linalokuhusu na hilo umelipita haraka haraka, nitalirudia.

Anayesema kinaboa mwache aseme kinaboa. Riwaya za namna hiyo hazikimbii, zinataka ukae mahali mpaka upazoee, kuna watu hiyo ndo raha yao na kuna watu wanataka mtu afumaniwe ukurasa wa tatu, wala hakuna mwenye kosa. Mchokoze kidogo tu, mwambie Dodoma hii mvua ikishakata mwezi wa nne au wa tano wingu la maana tunaliona Desemba huko, sasa mwandishi akiwasubirisha watu kurasa themanini kamwonea nani? Na hilo la binti ni mtu au mzimu bishaneni mpaka mchoke, msimtafute mwandishi awape jibu, atawaharibia.

Mwalimu ndo amenishangaza, maana alipokamata yeye ndipo kitabu kimesimama imara kuliko kwingine kote. Hongo ya Ugogo ilikuwepo na iliandikwa na hao hao waliokuwa wanailipa. Wale wazungu wapelelezi, Burton na Speke, walipita huku 1857 wakatoa, mwenzao Stanley akapita 1871 akatoa huku analalamika na malalamiko yake akayaweka kitabuni, na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa wanatoa miaka yote. Bunduki walikuwa nazo ndiyo, sasa we fikiria mtu umetoka Mpwapwa na msafara wa mamia ya watu, mizigo vichwani, mmekatiza ile nyika ya Marenga Mkali ambako maji ni ya shida na yakipatikana ni ya chumvichumvi, mmefika upande wa pili makoo yamekauka na chakula kimeisha. Visima viko mikononi mwa mtemi na watu wake. Uwele na mtama ni wao. Ukianza kupiga risasi wanafukia visima na wanaficha nafaka, halafu? Utakunywa baruti? Basi unatoa vitambaa, shanga na nyaya zako, unabishania bei siku nzima au hata siku kadhaa, unapita, na kwa mtemi wa mbele unatoa tena. Kwa hiyo mwandishi hapo hajatia chumvi hata kidogo.

Na niseme langu hapa. Wagogo wamechekwa sana nchi hii kwa huo utani wa ombaomba, kila stendi una mtu wake wa kuusema. Hebu msome hizo kurasa za hongo upya mkiwa na huo utani kichwani, muone enzi hizo aliyekuwa anasimama mlangoni kwa mwenzake anaomba maji alikuwa nani.

Kuhusu kutochanganya historia na fisi, mwambie aulize wazee wa Singida. Miaka ya 1940 kule watu waliuawa ikasemwa ni simba-watu, na serikali ya mkoloni ikakamata watu kweli ikawapeleka mahakamani kwa mauaji, si hadithi ya bibi hiyo iko kwenye mafaili. Watu wa zamani waliishi na fisi wa usiku kama walivyoishi na njaa na misafara, ukiwatoa fisi unabaki na orodha ya maboma na magavana, na hiyo atafundisha yeye darasani. Halafu wana Dodoma na nyie, kisa cha tembo aliyenasa kwenye tope la mto Kikuyu, mnachosema ndicho kilichoupa mji jina, si mnawasimulia watoto kila siku? Mbona hakuna aliyeenda kuukemea mto.

Mke wa mzee wa kanisa usimlazimishe, kama dhamiri yake inakataa basi inakataa, kitabu kikae stoo na ndoo za rangi salama. Ila asiwatishe wenzake na polisi. Sheria ya uchawi ipo tangu 1928 na inawahusu wanaojidai wana hizo nguvu na wenye kumiliki na kugawa vifaa vyake, mama aliyekaa kwenye kochi anasoma riwaya haimhusu. Na kama anataka maandiko, mwambie taratibu bila kejeli afungue 1 Samweli 28 aone Sauli alivyojibadilisha nguo usiku akaenda kwa mwanamke wa Endori kupandishiwa Samweli aliyekwisha kufa, kisa kimeandikwa chote na hakuna anayesema Biblia inafundisha kupandisha mizimu. Kusimulia jambo na kulihubiri ni vitu viwili. Hata kungojea mvua kumo humo, Eliya anamtuma mtumishi wake akaangalie upande wa bahari mara saba mpaka kinatokea kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Na huyo dada wa ukurasa wa themanini akisikie hicho pia.

Ila hilo la mchawi wa Kichaga eti ni utani, hapo sicheki. Utani wa makabila naujua na naupenda, Mpare na Mchaga watukanane watakavyo kwenye msiba. Neno mchawi lina uzito mwingine nchi hii, kanda ya ziwa huko vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka yote. Admini afute hiyo meseji na aliyeandika aambiwe. Siyo lazima kwa ukali, ila aambiwe.

Haya, sasa yule mama wa Mvumi. Eti mambo ya simu! Mtu anayeshindwa simu hatoki kwenye grupu usiku ule ule, anabaki humo miaka na meseji elfu moja hajazifungua.

Umeandika mwenyewe bila kuona ulichoandika. Wenzake wamesoma kopi, na mmoja hajamaliza. Yeye kachana kalenda akakitengenezea kitabu jalada, kaweka uzi kila alipotaka kurudi. Huyo ndiye msomaji wako wa kweli kuliko hata wewe uliyekichagua, na nina uhakika siku ile alikuja na maneno yake yamejaa. Kabla hajafungua mdomo mkaanza kumwigiza mzee wa mvua kwa lafudhi ya kwao, na nyie wageni mnacheka.

Wewe umetoka Kilimanjaro, mvua kwenu ni jambo la kulalamikia nguo hazikauki. Huku mzee wa mvua hakuwa mchekeshaji. Watemi wa Wagogo walikuwa na mawe ya mvua, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mtemi hasa kabla ya kuamua kesi na kupokea hongo, kuhakikisha nchi yake inanyesha, na isiponyesha macho yote yako kwake. Na isiponyesha watu wanakufa. Njaa ile waliyoiita Mtunya, kwenye 1917 kwenda 1920, ilianzia kwenye vita vya kwanza, majeshi ya Wajerumani kisha Waingereza yamepita yamekomba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikakata. Mama aliyestaafu leo alilelewa na bibi na babu walioiona hiyo kwa macho. Na haya mambo hayajafa yote, kule Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia 2006, wenyeji bado wanaenda kufanya matambiko ya mvua na ya kuponya wagonjwa, na wengi wao Ijumaa wapo msikitini na Jumapili kanisani kama kawaida.

Inawezekana babu yake alikuwa mtu wa mvua. Inawezekana hakuwa, na kilichomchoma ni kusikia sauti ya mama yake inaigizwa watu wakishika mbavu. Vyovyote, wa kumwendea ni yeye, wengine watakusubiri.

Usimpigie na usimrudishe kwenye grupu kwa kumuadi. Leo usiku fungua kitabu chako, uzi bado umo, soma kila ukurasa alioweka uzi, soma polepole ujaribu kuona alisimama kwa nini. Kesho kutwa chukua basi la Mvumi kama yuko huko, au kama anaishi mjini nenda asubuhi jua halijawa kali, na sukari yako na majani ya chai, na kitabu. Umwamkie, na kama utasema mbukwenyi, ile salamu ya Kigogo, iseme kama mtu, isiwe ile ya wagombea kwenye kampeni. Usimwambie samahani kama tulikukwaza, hiyo "kama" watu wazima hawaipendi na hata mimi siipendi. Mwambie mama, siku ile tulimcheka yule mzee na wewe umekaa pale, haikuwa sawa, na ni mimi niliyeomba kisomwe vile. Halafu kaa kimya anywe chai. Akianza kuongea usimkatize kwa kumwambia mwalimu alisema nini. Asipotaka kuongea mambo hayo mwongelee bei ya mahindi na wajukuu, umwachie kitabu, uondoke. Kurudi kwenye kikundi atajiamulia.

Akirudi, mwombeni achague kitabu kinachofuata au asome yeye hicho kipande kwa lugha yake, muone kama kuna mtu atacheka. Na mkitaka cha kusindikizia riwaya yenu kipo, Mathias Mnyampala, mshairi yule yule wa ngonjera, alikuwa Mgogo na aliandika historia, mila na desturi za Wagogo wa Tanganyika ikachapwa 1954. Ni kazi kukipata, ila mna watu UDOM na St. John's hapo hapo, waulizeni maktaba. Mwalimu wako apewe kazi hiyo, atakuwa na cha kuweka kwenye voisi.

Kitabu kisichomuudhi mtu usinitafutishe. Mlikuwa navyo hivyo mkaviona.

Hela za kopi nimeliacha mwisho maana limeniudhi. Kumtolea mtu kopi kitabu kizima ni kumwibia, haki miliki ina sheria yake ya 1999, na huyo mwandishi aliyekuunguzia wali hajapata hata mia kwenu. Usimrudishie mtu shilingi. Chukueni kidogo kwenye mfuko wa kikoba mnunue nakala halali mbili tatu zizunguke kwa zamu, mpya ya maandishi makubwa aanze nayo mama wa Mvumi, na risiti uipige picha uiweke kwenye grupu siku hiyo hiyo, maana akina mama wa vikoba nawajua.